Kipima umbali cha kwanza cha mwindaji: nilichojionea kwa mbuzi wa Luchelele

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia vipima umbali viwili vya leza, kimoja cha shilingi 145,000 na kingine cha shilingi 385,000, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayetaka kununua cha kwanza kwa uwindaji wenye kibali, ilhali mfuko wake hauwezi vile vya shilingi milioni mbili. Sitavitaja majina, kwa sababu vifaa vingi vya bei ya chini hutoka kiwanda kimoja na kila muuzaji akabandika jina lake, hivyo jina utakalolisoma hapa leo huenda usilikute dukani kesho, lakini tabia nitakazozieleza utazikuta kwenye kila kifaa utakachokishika. Cha bei ndogo nitakiita cheupe, kwa kuwa ganda lake ni jeupe, na kile kingine nitakiita cha kijani. Maboksi yote mawili yameandikwa namba ileile: yadi 1,000.

Cheupe ndicho nilichokinunua kwanza. Nilikiagiza mtandaoni, kikafika Dar es Salaam, kisha kikapandishwa basi hadi Mwanza, na siku nilipokifungua nilikijaribu kutoka barazani nikapata umbali wa bango la barabarani lililo mbali sana, nikaridhika. Wiki iliyofuata tulikuwa porini, tukifuatana na askari wa wanyamapori, tukamwona swala pala dume amesimama ukingoni mwa kichaka. Mbele yetu palikuwa na majani marefu yaliyokuwa yakiyumba kwa upepo. Nilibonyeza kitufe kikaniandikia 64. Nikabonyeza tena, kikaandika 63. Nilipomnong'oneza askari kwamba mnyama yuko mita sitini na kitu, alitazama kwa muda kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, pale ni viwanja viwili vya mpira kasoro kidogo." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimepima majani, sikumpima mnyama.

Sikupiga risasi siku ile. Ni kweli kwamba kwa bunduki ya .30-06 iliyowekwa shabaha kwenye mita 200, yaani risasi hupiga palepale unapolenga kwa umbali huo, kosa lile peke yake lisingeleta madhara makubwa, kwa sababu risasi haijashuka sana kabla ya hapo. Lakini nilikaa nikifikiria kosa hilohilo likimhusu mnyama aliye mita 300 na zaidi. Risasi ya bunduki hiyo yenye uzito wa kawaida wa greni 180, ikiwa shabaha yake ni mita 200, huwa imeshuka sentimita 25 hadi 30 hivi ikifika mita 300, na kuanzia hapo kila mita 50 huishusha kwa kasi kubwa zaidi. Kushuka huko kunatosha kabisa kuitoa risasi kwenye moyo na mapafu na kuipeleka mguuni au tumboni. Mnyama aliyevunjwa mguu anaweza kutembea siku nzima na maumivu yake, akafia mahali ambapo hakuna atakayemfikia ila fisi. Kifaa kinachosema uongo kwa sauti ya uhakika ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa, maana asiye na kifaa angalau husogea karibu.

Ili kuelewa kwa nini cheupe kilidanganyika, inafaa kujua kinafanya nini. Kipima umbali hutuma mapigo mafupi ya mwanga wa leza usioonekana kwa macho, ambao kwa vifaa vingi vya daraja hili una urefu wa wimbi wa nanomita 905, kisha husubiri mwangwi wa mwanga huo urudi na kupima muda uliopita. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kama ungetumwa kutoka Kigongo hadi Busisi juu ya lile daraja la kilomita 3 la Ziwa Victoria na kurudi, safari yote ingeuchukua sehemu 20 za milioni moja ya sekunde. Kwa kosa la mita moja, tofauti ya muda haifiki hata nanosekunde 7. Unaweza kudhani kwamba fedha nyingi hulipiwa ustadi wa kuhesabu muda mfupi namna hiyo, na hapo ndipo nilipokosea mwanzoni, kwa sababu siku hizi hata kifaa cha bei ndogo huhesabu muda huo vizuri. Nilipotandaza tepu ya wapima ardhi na kusimamisha vigingi kila baada ya mita 50, cheupe hakikupotea kwa zaidi ya mita moja popote kilipofanikiwa kusoma. Kazi ngumu iko kwingine: mwali mmoja ukigusa majani, tawi, mnyama na mwamba ulio nyuma yake, kifaa hupokea miangwi minne, na lazima kiamue upi wa kukuonyesha.

Cheupe kilitengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa gofu. Mchezaji wa gofu anapima kijiti chenye bendera, na nyuma ya bendera kuna miti, kwa hiyo kifaa chake kimefundishwa kushika mwangwi wa kwanza wenye nguvu na kuvipuuza vilivyo nyuma. Mwindaji anahitaji kinyume chake. Mnyama wake yuko nyuma ya majani, na kilicho mbele ndicho kinachopaswa kupuuzwa. Tatizo huzidi kwa sababu majani mabichi hurudisha kwa nguvu sana mwanga wa aina hiyo usioonekana, kiasi kwamba majani machache yanayoonekana kama si kitu kwa macho yetu huwa ni ukuta mbele ya leza. Vipima umbali vya gofu vimejaa sokoni, ni vizuri kwa kazi yake, na ni rahisi. Ndiyo maana mnunuzi wa mara ya kwanza huangukia huko. Ukiona kwenye boksi picha ya bendera, au maelezo kwamba kifaa hutetemeka mkononi kikishika bendera, kirudishe rafuni. Uliza kama kina hali ya kuchagua kilicho mbali, yaani kati ya miangwi kadhaa kionyeshe ule wa mwisho. Cha kijani kinayo, na huchaguliwa kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara mbili.

Sasa nirudi kwenye ile namba ya boksi, kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu fedha zao. Watengenezaji wakubwa, ambao karibu wote wanawauzia wawindaji wa Marekani, huandika umbali wa aina tatu: wa kitu kinachong'aa kama bango la barabarani, wa mti, na wa ayala (deer kwa Kiingereza). Ayala hatunaye, kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili. Hata hivyo ayala mwenye mkia mweupe, anayewindwa sana kule, hapishani mno kwa kimo na swala pala wetu, kwa hiyo namba yake ni ya kwetu pia. Chukua mfano wa vifaa viwili vinavyojulikana. Vortex Ranger 1800 imepewa na mtengenezaji yadi 1,800 kwa kitu kinachong'aa, 1,200 kwa mti na 900 kwa ayala. Leupold RX-1400i imepewa 1,400, 1,200 na 900. Mtu anayesoma majina peke yake ataona tofauti ya yadi 400, ilhali kwa mnyama, kwa maneno ya watengenezaji wenyewe, vifaa hivyo viko sawa. Pale ambapo boksi lina namba moja tu na halimtaji mnyama popote, kama ilivyo kwa vyangu vyote viwili, chukua kwamba namba hiyo ni ya bango, na kwamba kwa mnyama utapata nusu yake, au theluthi, au hata kidogo zaidi ya hapo.

Sikutaka kubahatisha, na wala si halali kuingia porini bila kibali kwa ajili ya kupima vifaa, kwa hiyo niliamua kutumia mbuzi. Mbuzi aliyekomaa ni mdogo kidogo kuliko swala pala, manyoya yake hayang'ai, hatulii, na ukanda wote wa Luchelele, hapa Mwanza, kuelekea ziwani una malisho ambako mbuzi huchunga karibu wenyewe. Nilikwenda asubuhi mbili na jioni tatu. Nilitandaza tepu kando ya njia ya vumbi, nikasimamisha vigingi hadi mita 350, nikawa napima mbuzi yeyote aliyepita karibu na kigingi, mara kumi kwa kila umbali, kifaa nikiwa nimekiegemeza juu ya jiwe.

Mama mwenye mbuzi hao alitoka kwake kuja kuona ninawafanyia nini mifugo yake. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba baba. Na hicho kidude hakiwaumizi macho?" Lilikuwa swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Nilimweleza kwamba leza ya vifaa hivi ni ya daraja la kwanza, ambalo ni salama kwa macho katika matumizi ya kawaida, na nikamwonyesha maandishi yenyewe chini ya kifaa. Akachungulia, akaniomba nimpimie yule mbuzi wa kahawia aliyekuwa amejitenga kule chini karibu na maji. Nikampimia, mita 212. Akamwita mjukuu wake na kumtuma akamrudishe.

Matokeo ni haya. Cha kijani kilimsoma mbuzi mara zote kumi kwenye mita 100, 150 na 200. Kwenye mita 250 kilimsoma mara nane, kwenye 300 mara tano, na kwenye 350 mara mbili, zile nyingine kikionyesha vistari vitupu. Vistari havinisumbui, kwa sababu kifaa kinachokiri kwamba hakikusoma kinakuheshimu. Cheupe kilimsoma mara tisa kwenye mita 100, sita kwenye 150, mbili kwenye 200, na baada ya hapo hakikumpata hata mara moja. Na katika zile mara kilizokosa, mara kadhaa hakikuonyesha vistari bali kilitoa namba ya kichaka kilicho mbele. Kifaa hichohicho, dakika hiyohiyo, kikielekezwa kwenye ukuta mweupe wa nyumba iliyo ng'ambo ya bonde, kilisoma zaidi ya mita 600 bila shida. Hapo ndipo ile yadi 1,000 ilikotoka.

Kuna mambo mawili mengine niliyoyaona kwa mbuzi ambayo sijawahi kuyaona yameandikwa kwenye boksi lolote. La kwanza ni rangi na unyevu: mbuzi mweusi alikuwa mgumu kusomeka kuliko wa kahawia, na asubuhi moja baada ya mvua, wote wakiwa wamelowa, cha kijani kilipungukiwa na karibu mita 50 za uwezo wake. La pili ni upana wa mwali. Leza hii haiendi kama uzi, bali hupanuka kadiri inavyokwenda. Mwali unaopanuka kwa miliradiani 2 utakuwa na upana wa sentimita 60 ukifika mita 300. Swala pala anaujaza mwali huo kwa sehemu kubwa. Swala tomi, ambaye mabega yake yako kwenye sentimita 60 hivi kutoka ardhini na kiwiliwili chake ni chembamba, huacha sehemu kubwa ya mwanga ipite juu na chini yake. Kwa mwenye kibali cha swala tomi, basi, punguza tena namba zote nilizozitaja.

Ziwa lilinisaidia kwa jaribio ambalo naona kila mnunuzi wa Kanda ya Ziwa anaweza kulifanya bure. Katika mwalo mmoja kuna mti uliosimikwa majini wa kufungia mitumbwi, na nyuma yake hakuna kitu isipokuwa ziwa lililo wazi. Maji yaliyotulia, yakipigwa na mwali kutoka pembeni, hayarudishi mwangwi kwako. Mwanga huteleza juu yake na kwenda zake. Kwa hiyo kinachoweza kujibu hapo ni ule mti peke yake. Nilisimama mita 90 kutoka kwenye mti, nikawasha hali ya kupima mfululizo, nikawa nazungusha kifaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, nikiangalia namba inatokea lini. Kwa cha kijani ilitokea pale alama ya kulengea ilipogusa mti, ikapotea alama ilipoachana nao. Kwa cheupe namba ilitokea wakati alama imekwisha uvuka mti kwa upana wa viganja viwili. Maana yake ni kwamba mwali wa cheupe unatoka kushoto kwa mahali unapodhani unalenga, kama sentimita 20 kwenye mita 90, ambazo kwenye mita 200 huzidi sentimita 40. Nilikuwa nikimlenga mbuzi katikati ya ubavu, na leza ikienda kupima mkia wake au kichaka cha jirani. Baada ya jaribio hilo nilielewa kwamba hata zile mara sita kati ya kumi za mita 150 nilizipata kwa msaada wa bahati. Rudia jaribio hilo kutoka juu kwenda chini ukitumia boriti iliyolala au ukingo wa paa la banda lililo peke yake.

Hali ya hewa nitaigusa kwa ufupi. Ukungu wa asubuhi ziwani ulivikwamisha vyote viwili, na manyunyu vilevile. Vumbi na moshi wa majani yanayochomwa wakati wa kiangazi hupunguza uwezo bila kukwambia. Jua kali la saa sita mchana nalo hupunguza, kwa sababu mwanga wa jua hujaa kwenye kipokezi na kuuficha mwangwi dhaifu. Jioni leza husoma vizuri kuliko wakati wowote.

Na ni jioni hiyohiyo jicho lako linaposhindwa, jambo ambalo linanileta kwenye kasoro kubwa ya cha kijani. Namba zake ni nyeusi, za kioo cha aina ile ya saa za mkononi za kidijitali, na hazina taa. Huku kwetu karibu na ikweta machweo ni mafupi. Toka jua lizame hadi ushindwe kutofautisha kahawia na kijani ni dakika 20 hivi. Uwindaji wa usiku hauruhusiwi, lakini nusu saa ya mwisho ya mwanga halali ndiyo wanyama hutoka kichakani, na katika nusu saa hiyo namba nyeusi juu ya mnyama mweusimweusi mbele ya kichaka cheusi hazisomeki. Njia niliyoizoea ni kupima, kisha kuinua kifaa haraka kuelekea angani wakati namba bado imebaki kwenye kioo, kwa kuwa hubaki kwa sekunde kadhaa. Inafanya kazi, ila inakulazimu kumtoa mnyama machoni, na mwendo wa mikono unaweza kumshtua. Vifaa vyenye namba nyekundu zinazowaka havina shida hiyo. Kwa bei nilizoziona, namba nyekundu huongeza shilingi 150,000 au zaidi, na kama ningekuwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu kwenye bajeti yangu, ningeongeza hicho, na nisingeongeza hata shilingi moja kwa ajili ya namba kubwa zaidi kwenye boksi.

Katika mwanga huo hafifu angalia pia ukubwa wa lenzi ya mbele. Gawanya kipenyo chake kwa ukuzaji, na utapata upana wa mwanga unaofika jichoni: lenzi ya milimita 21 yenye kukuza mara 6 inatoa milimita 3.5, na ya milimita 25 yenye ukuzaji uleule inatoa zaidi kidogo ya 4. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini jioni, mboni ya jicho ikiwa imetanuka, utaiona wazi. Ukuzaji wa mara 6 unatosha. Ukipanda zaidi, mtetemo wa mikono hukuzwa nao, na alama haitulii juu ya mnyama.

Kuhusu kipimo cha mteremko, ambacho wauzaji hukitangaza kwa nguvu, nina maoni ya wastani. Kifaa hupima pembe na kukupa umbali wa mlalo, ambao ndio risasi au mshale huufuata katika kushuka kwake. Kutoka juu ya mwamba mmoja wa Capri Point hadi mtumbwi uliofungwa chini, cha kijani kiliniandikia mita 142 kwa mstari wa macho, pembe nyuzi 18, na mita 135 za mlalo. Nilikokotoa mwenyewe nikapata jibu hilohilo. Mita 7 si kitu kwa bunduki kwenye umbali huo. Kwa anayetumia upinde ni jambo zito sana, na kwenye mwinuko wa nyuzi 30, ambako mita 100 za macho ni mita 87 za mlalo, ni jambo la kuangalia hata kwa bunduki ukiwa mbali. Lakini mbuga nyingi tunazozijua ni tambarare. Kipimo hicho kikiwemo kwenye kifaa bila kuongeza bei, kipokee. Kisikufanye uache kifaa chenye hali ya kuchagua kilicho mbali.

Mengine ni madogo. Cha kijani kinatumia betri ndogo ya CR2 ya volti 3, ambayo sikuipata katika maduka matatu ya mjini kabla ya kuipata kwa fundi wa kamera, kwa hiyo nunua mbili siku unaponunua kifaa. Cheupe kinachajiwa kwa waya wa simu, na kwa hilo kinakishinda mwenzake. Kama utavuka maji kwa mtumbwi, tafuta alama ya IPX7, inayomaanisha kifaa kimepimwa kuhimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Cha kijani kina kinga ya manyunyu tu, nami hukifunga ndani ya mfuko wa nailoni nikiwa majini. Kamba yake ya mkononi ni dhaifu, nimeibadilisha. Vifaa vyote viwili vilikuja vikiwa vimewekwa kwenye yadi, na hili usilichukulie kwa wepesi: 300 ya yadi ni mita 274, na mtu aliyeiweka bunduki yake shabaha kwa mita, kisha akasoma namba bila kuangalia herufi iliyo kando yake, amejipunja mita 26 bila kujua. Kwa vifaa vingi unabonyeza kitufe cha hali na kukishikilia kwa sekunde chache hadi herufi ibadilike kuwa M. Fanya hivyo mbele ya muuzaji.

Na kama muuzaji yuko mjini na anakuruhusu kutoka nje na kifaa, usikubali kujaribia ukuta wa jengo la jirani au gari lililoegeshwa. Mwombe akusindikize hadi mahali penye kitu kisichong'aa, shina la mwembe lililo peke yake au ng'ombe aliyelala, na upime mara kumi, ukihesabu ngapi zimesoma na ngapi zimekataa. Kisha tafuta majani ya kusimama nyuma yake na upime tena. Muuzaji wa cheupe alikuwa mbali, hakuwa na pa kujaribia, na nilipomwandikia kueleza habari ya mwali unaotoka upande alijibu kwamba kifaa kinafanya kazi. Sikubishana naye. Kifaa hicho nimempa shemeji yangu, anayekitumia kupimia urefu wa ua wa shamba lake kutoka nguzo hadi nguzo, mahali ambapo hakuna majani ya kukidanganya.

Cha kijani nimebaki nacho, nami nitakwenda nacho msimu ujao. Ndani ya kifuniko cha mfuko wake nimebandika kikaratasi nilichokiandika kwa kalamu isiyofutika, chenye namba za kushuka kwa risasi zangu kama nilivyozipata mwenyewe kwenye uwanja wa shabaha: mstari wa mita 200, mstari wa 250, na mstari wa 300. Chini ya hapo sikuandika kitu, na nafasi iliyobaki nimeikata kwa mstari.